Kasparov alisalimu amri kwenye gemu ambayo bado ilikuwa na sare

Katika gemu zote za chesi ambazo magrandmasta, yaani wachezaji wa daraja la juu kabisa, wamewahi kucheza na kompyuta, ninayoirudia mara nyingi zaidi sio ile maarufu ya 11 Mei 1997, siku kompyuta ya Deep Blue ilipomfunga bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa muvu 19 tu na dunia nzima ikaambiwa mashine imemshinda mtu. Ninayoirudia ni ya pili kwenye mechi hiyohiyo, iliyochezwa New York tarehe 4 Mei, kwa sababu pale bingwa wa dunia alinyoosha mikono wakati sare ilikuwepo palepale ubaoni mbele yake. Alikuwa na kete nyeusi, Deep Blue ikasogeza ngome mpaka a6 (kila nafasi ya ubao ina jina la herufi na namba), Kasparov akaangalia, akakata tamaa, akaondoka. Kumbe angeingiza malkia e3 mfalme mweupe asingekuwa na pa kujificha, ingekuwa cheki baada ya cheki mpaka droo. Timu yake ndo ilimpa habari hiyo siku iliyofuata, na kila nikifikiria mtu kama yule, bingwa tangu 1985, anaambiwa kitu kama hicho akiwa bado ana gemu nne za kucheza, naona mechi ilishaamuliwa pale hata kama kwenye karatasi matokeo yalikuwa 1-1.

Swali langu siku zote ni moja: kwanini hakuitafuta ile sare? Huyu ni mtu aliyekuwa anaongoza duniani kwa kuchomoka kwenye pozisheni mbovu, mtu ambaye mbele ya binadamu mwenzake angekaa pale nusu saa akichimba mpaka aone kitu. Jibu liko muvu chache nyuma yake, muvu ya 36 na ya 37. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na sifa moja iliyojulikana na kila mtu, zilikuwa walafi, ukiziachia askari zinakula hata kama kufanya hivyo kunakufungulia wewe njia ya kushambulia. Na pale Deep Blue ilikuwa na njia ya kuingiza malkia b6 ikaanza kula. Kila mtu aliisubiri muvu hiyo. Mashine ikakaa muda mrefu kuliko kawaida yake, halafu badala ya malkia ikabadilishana askari kule b5, ikamsogeza askofu e4, na mlango wa mwisho ambao Kasparov alikuwa anautegemea ukafungwa. Askofu yule amesimama tu, hatishii kitu kikubwa, lakini kila kete nyeusi imekosa pa kwenda. Ni aina ya muvu ambayo Anatoly Karpov, bingwa aliyemtangulia Kasparov, angeicheza, ile ya kumnyonga mtu polepole bila haraka.

Kasparov alipoiona muvu ile akabadilisha picha aliyokuwa nayo kichwani. Toka pale hakuwa tena anacheza na programu lafi yenye mapengo, alikuwa anacheza na kitu kinachoelewa chesi, na kitu kinachoelewa chesi kiasi kile hakiwezi kuacha cheki za kudumu, zile zisizoisha mpaka inakuwa sare, wazi, kwa hiyo hakuna haja ya kuzitafuta. Ndo hivyo. Aliiamini mashine kuliko alivyoyaamini macho yake mwenyewe. Na haya ndo ninayotaka kuyasema kwenye makala hii, kwamba ukizipitia mechi hizi moja baada ya nyingine, zile za miaka ambayo bado kulikuwa na ushindani, utakuta magrandmasta walikuwa wanapigwa na wazo lao kuhusu kompyuta kwa kiasi kikubwa kama walivyokuwa wanapigwa na kompyuta yenyewe.

Tuiangalie Deep Blue ilikuwa nini hasa maana watu wengi hudhani ilikuwa inafikiri. Ilikuwa mashine ya IBM yenye chipu 480 zilizotengenezwa maalumu kwa ajili ya chesi na kazi yake kubwa ilikuwa kukagua pozisheni, kama milioni 200 kwa sekunde. Nikicheza hivi, akijibu vile, nikicheza hivi tena, inashuka hivyo mpaka inafika kina fulani, halafu inaipa pozisheni ya mwisho alama. Kuna kete ngapi, mfalme yuko salama au yuko uchi, askari wamekaaje, ngome ina mstari wa wazi au imebanwa, vipengele kama 8,000 vya namna hiyo, ambavyo timu ya wahandisi pamoja na grandmasta Joel Benjamin walikaa wakivipima na kuvirekebisha. Ikishaona njia fulani inampa mpinzani jibu zuri inaachana nayo bila kuimaliza, kwa hiyo haipotezi muda kwenye matawi mabovu. Claude Shannon alishaandika misingi ya kitu kama hiki mwaka 1950 wakati kompyuta za kuweza kuifanya kazi hiyo hazikuwepo. Kwa hiyo hakukuwa na siri kubwa kwenye wazo lenyewe, kilichobadilika ni kasi na ubora wa zile alama, na kasi ikizidi kiwango fulani inaanza kufanana na uelewa ukiwa umekaa upande wa pili wa ubao.

Sasa rudi siku moja nyuma, 3 Mei, gemu ya kwanza. Kasparov alishinda, na alishinda vizuri. Lakini karibu na mwisho, Deep Blue ikiwa tayari imeshapoteza, ilicheza muvu ya ajabu na ngome, ngome kwenda d1, muvu isiyosaidia chochote, na muvu iliyofuata ikasalimu amri. Waliotengeneza mashine walikuja kueleza baadaye kwamba ilikuwa hitilafu kwenye programu, ilishindwa kuchagua ikatoa muvu ya nasibu. Upande wa pili wa ubao hawakulijua hilo. Inasimuliwa kwamba kambi ya Kasparov walikaa usiku wakiichambua wakafikia hitimisho kwamba mashine imeona mbali mno, imeona chekimeti huko mbele kwenye njia zile nyingine zote, ndo maana ikaamua kufia hapa. Yaani kosa la programu likasomwa kama kina cha kutisha! Ukiunganisha na muvu za gemu ya pili unaelewa jinsi ile picha ilivyojengeka kichwani mwake ndani ya siku mbili tu.

Halafu picha ikageuka tena, na mgeuko huu wa pili ndo uliofanya mechi iwe chungu. Kama muvu ile ya askofu ni ya kibinadamu basi labda binadamu ndo aliyeicheza. Kasparov alidai aonyeshwe rekodi za mashine zilizochapa ilivyokuwa inahesabu, na mbele ya waandishi akaifananisha muvu ile na goli la mkono la Maradona dhidi ya Uingereza mwaka 1986. IBM hawakumpa wakati ule, rekodi zilikuja kuwekwa hadharani baadaye. Mimi naamini hakukuwa na mtu yeyote ndani, na Kasparov mwenyewe miaka 20 baadaye, baada ya kuzipitia gemu zile upya na injini za kisasa, yaani programu za chesi, alilegeza sana msimamo wake. Lakini nalaumu namna mechi ilivyoendeshwa. Timu ya Deep Blue ilikuwa na kila gemu ambayo Kasparov amewahi kucheza, yeye hakuwa na hata gemu moja ya mashine ile kama ilivyokuwa wakati huo. Mchezaji wa daraja lile anajiandaa kwa kumsoma mpinzani, ukimnyima hilo unamlazimisha abuni mpinzani kichwani mwake, na mpinzani aliyebuniwa anaweza kuwa mkubwa au mdogo kuliko wa kweli.

Kuna kitu kwenye historia kinachonivutia sana hapa. Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen alitengeneza mashine ya kucheza chesi, sanamu la mtu aliyevaa kituruki limekaa nyuma ya kabati, likawa linazungushwa Ulaya na baadaye Marekani likiwafunga watu, Napoleon mwenyewe alicheza nalo mwaka 1809. Ndani ya kabati kulikuwa na mtu. Watu waliletewa mtu wakaaminishwa ni mashine, na wengi waliamini au walitaka kuamini. Lile sanamu liliteketea kwa moto mwaka 1854 huko Philadelphia. Mwaka 1996, jiji hilohilo la Philadelphia, ndo Kasparov alikutana na Deep Blue kwa mara ya kwanza, na mwaka mmoja baadaye mtu ameletewa mashine ya kweli akadhani ndani yake kuna mtu.

Mechi ya Philadelphia watu wanaisahau na mimi naona haistahili kusahauliwa. Tarehe 10 Februari 1996 Deep Blue ilishinda gemu ya kwanza, na ndo ilikuwa mara ya kwanza bingwa wa dunia aliyeko madarakani kufungwa na kompyuta kwenye gemu ya muda wa kawaida. Mshtuko mkubwa. Lakini angalia Kasparov alifanya nini baada ya pale, akatulia, akaisoma. Gemu ya tano aliomba sare, timu ya Deep Blue ikakataa, wakapoteza. Gemu ya sita ndo ninayoipenda, kwa sababu hakushambulia kabisa, alichokifanya ni kuzibana kete nyeusi kule upande wa malkia, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa zimesongamana pale hazina pa kusogea, na mashine ikiwa inazihesabu kama kete kamili wakati hazifanyi kazi yoyote. Ikasalimu amri kwenye muvu ya 43, mechi ikaisha 4-2. Pale Kasparov alikuwa na picha sahihi ya anayecheza naye na ilitosha kabisa.

Mchezaji wa chesi David Levy naye alikuwa na picha sahihi, zamani zaidi. Mwaka 1968 aliweka dau na wanasayansi wa kompyuta kwamba ndani ya miaka kumi hakuna programu itakayomfunga kwenye mechi, na mwaka 1978 huko Toronto akaifunga Chess 4.7 kwa 3.5 kwa 1.5. Mbinu yake ilikuwa kutofanya kitu, kucheza taratibu, kutofungua pozisheni, kuiacha mashine isiwe na cha kuhesabu mpaka ijiharibie yenyewe, kwa sababu programu zile zilikuwa zinaona muvu chache tu mbele na kitu kilicho nyuma ya upeo huo kwao hakipo. Alipoteza gemu moja tu, moja aliyojaribu kupambana nayo kwa mahesabu. Miaka 11 baadaye, 1989, Deep Thought ambayo ndo ndugu mkubwa wa Deep Blue ikamfunga Levy huyohuyo 4-0. Upeo ulikuwa umesogea.

Turudi 1997, gemu ya sita, ya mwisho. Mechi iko 2.5 kwa 2.5 na Kasparov amechoka, unaweza kuona kwenye picha za siku zile alivyokuwa. Akacheza Caro-Kann, ufunguzi ambao haukuwa wake wakati huo, na kwenye muvu ya saba akasukuma askari h6 kuifukuza farasi. Kila mchezaji anayeijua njia ile anajua farasi haiondoki, inajitoa sadaka kwa kula e6 na mfalme mweusi anabaki katikati ya ubao akiteseka. Kwa hiyo kwanini aliicheza? Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba alikuwa anategemea tabia ya kompyuta, programu za wakati ule zilikuwa haziamini sadaka ya namna ile kwa sababu faida yake iko mbali na hasara yake inaonekana hapohapo, zilikuwa zinarudi nyuma na farasi. Deep Blue haikurudi nyuma. Haikuhitaji hata kuhesabu, sadaka ile ilikuwa imeshawekwa kwenye kitabu chake cha funguzi, yaani orodha ya muvu za mwanzo zilizoandaliwa kabla. Muvu 19, kama saa moja hivi, mechi imekwisha 3.5 kwa 2.5. Gemu ya pili aliiona mashine kubwa kuliko ilivyo, gemu ya sita akaiona ndogo kuliko ilivyo, na vyote viwili vilimgharimu.

IBM hawakukubali mechi ya marudiano. Mashine ikafungwa, kabati moja liko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian na lingine liko kwenye makumbusho ya historia ya kompyuta kule California. Hili linaniuma mpaka leo, nasema wazi. Gemu sita hazitoshi kupima chochote, na mashine iliyokuwa na mengi ya kutuonyesha ikawa kitu cha kutazamwa kwenye kioo.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanaamini baada ya 1997 mambo yalikwisha, hapana, kuanzia 2002 hadi 2005 kulikuwa na ushindani wa kweli kabisa. Vladimir Kramnik, aliyekuwa ameshamvua Kasparov ubingwa, alicheza na programu ya Deep Fritz Bahrain mwaka 2002, akaongoza 3-1 na mwisho ikawa 4-4. Kasparov alicheza na Deep Junior New York mwanzoni mwa 2003, ikawa 3-3, na kwenye gemu ya tano programu ikatoa askofu mzima kule h2 kwenye muvu ya kumi, sadaka ya kukisia ambayo hakuna aliyetegemea kuiona kutoka kwa kompyuta. Kasparov akalazimika kukubali sare kwa cheki za kudumu.

Lakini ya kukaa nayo chini ni gemu ya tatu ya Novemba 2003 dhidi ya X3D Fritz. Kasparov alicheza akiwa amevaa miwani maalumu, ubao unaelea hewani mbele yake na muvu anazitaja kwa mdomo. Tuache miwani. Ubao ndo uangalie. Askari wameshikana ubao mzima, weupe na weusi wamekabana kifua kwa kifua, hakuna mstari ulio wazi, na kwenye pozisheni kama hiyo mchezaji wa kawaida tu anajua kwamba lazima uwe na mpango, usukume askari wako upande ule unaoweza kuufungua. Programu haikuwa na mpango. Kila ilichokihesabu kiliipa alama zilezile kwa hiyo ikawa inapeleka kete mbele, inazirudisha, inapeleka, inarudisha, huku Kasparov anajenga taratibu upande wa malkia bila mtu wa kumsumbua. Muvu 45 imekwisha. Mashine inayokagua mamilioni ya pozisheni kwa sekunde haikujua ifanye nini pale ambapo mtoto aliyefundishwa vizuri angejua. Ndo maana nasema picha sahihi ya mpinzani ilikuwa na thamani kubwa, gemu hii nzima imesimama juu ya kumjua mpinzani wako.

Dirisha likafungwa haraka sana baada ya hapo. Juni 2005, London, Michael Adams aliyekuwa miongoni mwa kumi bora duniani alipigwa na kompyuta ya Hydra 5.5 kwa 0.5, gemu sita akaambulia sare moja. Novemba mwaka huohuo huko Bilbao, Ruslan Ponomariov aliifunga Fritz, na huo ndo unahesabika kuwa ushindi wa mwisho wa binadamu dhidi ya programu ya daraja la juu kwenye masharti ya kawaida ya mashindano. Miaka imepita na hakuna mwingine.

Na halafu Bonn. Novemba 2006, Kramnik ndo kwanza ametoka kuunganisha mataji ya dunia kwa kumfunga Topalov, anakaa na Deep Fritz gemu sita. Masharti yalikuwa ya haki safari hii, alipewa nakala ya programu mapema, na mashine ilipokuwa bado iko kwenye kitabu chake cha funguzi aliruhusiwa kuona skrini yake. Gemu ya pili, 27 Novemba, ana weusi, amesimama vizuri tu, yeye ndo mwenye matumaini ya kushinda. Farasi mweupe amekula kitu f8. Kramnik akasogeza malkia e3, akasimama atoke jukwaani akapumzike, na Mathias Feist aliyekuwa anacheza muvu kwa niaba ya mashine akawa anaangalia ubao haamini. Malkia mweupe h7. Chekimeti. Ya muvu moja.

Mtu asiyecheza chesi akisikia hivi anadhani Kramnik alisinzia. Hapana. Grandmasta haoni ubao kwa kuhesabu kila kitu, anaona kwa maumbo aliyoyazoea tangu utotoni, na chekimeti ya malkia kule h7 amekutana nayo mara zisizohesabika, lakini karibu kila mara farasi anayemlinda malkia anakuwa amekaa g5 au f6. Farasi wa f8? Pale farasi hafiki ila kwa nadra mno, na akifika huwa amekwenda kula kete na kuliwa. Umbo halikuwepo kichwani, hatari haikuonekana, na alikuwa ameshaukagua mpango wake muvu kadhaa nyuma akaridhika. Mashine haina maumbo ya kuzoea, kila sehemu ya ubao kwake ni sawa, inakagua tu. Mimi gemu hii inanifundisha jinsi akili ya mtu inavyofanya kazi kuliko chochote nilichosoma, kwa sababu njia ileile inayomwezesha Kramnik kuangalia pozisheni sekunde tatu akajua nani anashinda ndo iliyomficha farasi wa f8. Mechi ikaisha 4-2 kwa mashine, na kwa kweli baada ya hapo hakuna aliyetaka tena kulipia mechi ya usawa.

Mwaka 2009 programu ya Pocket Fritz 4 ikiwa kwenye simu ya mkononi ilishinda mashindano Buenos Aires kwa pointi 9.5 kati ya 10. Ilikuwa inakagua pozisheni chini ya 20,000 kwa sekunde! Deep Blue milioni 200, simu 20,000, na simu inacheza vizuri zaidi. Kwa hiyo hata ile picha ya kwamba kompyuta inashinda kwa kasi tu ilikuwa na kasoro. Kisha Desemba 2017 ikaja AlphaZero ya DeepMind, iliyopewa sheria za mchezo tu, hakuna kitabu cha funguzi, hakuna thamani ya kete iliyowekwa na mtu, ikajifundisha kwa kucheza na yenyewe. Ndani ya saa chache, kwenye mashine zenye nguvu za kutisha, ikawa imeipita Stockfish, moja ya programu kali za chesi, na kwenye gemu 100 ikashinda 28, sare 72, haikufungwa. Inakagua pozisheni kama 80,000 kwa sekunde wakati Stockfish inakagua milioni 70.

Na angalia ilivyokuwa inacheza! Tulikuwa tumeshazoea kusema mashine ni baridi, inakula askari na kujilinda, sasa hii inatoa askari, inatoa kete, inasukuma askari wa h mpaka anabana pumzi ya mfalme wa mpinzani, na faida yake inakuja muvu 30 mbele. Ni mtindo wa magwiji wa karne ya 19, ila safari hii hesabu zinakubali. Magnus Carlsen alisema wazi kwamba zile gemu zilimwathiri, na ukiangalia magrandmasta wa sasa wanavyousukuma yule askari wa pembeni unaliona hilo kwa macho. Kila picha ya mashine tuliyokuwa nayo kuanzia 1968 imeshavunjwa na mashine nyingine.

Sasa hivi shida imehamia upande mwingine. Mchezaji akicheza muvu nzuri kupita matarajio, watu hawasemi kuna mtu ndani ya mashine, wanasema kuna mashine ndani ya mtu. Mashindano yana vifaa vya kukagua wachezaji mlangoni, matangazo ya moja kwa moja yanacheleweshwa kwa makusudi, na kwenye mashindano ya mtandaoni mchezaji anawekewa kamera. Sababu zipo, mwaka 2019 grandmasta mmoja alikamatwa na simu chooni katikati ya mashindano Strasbourg. Lakini inasikitisha kuona kijana anacheza gemu ya maisha yake na kitu cha kwanza watu wanachofanya ni kuiingiza kwenye injini kuona kama inafanana mno na ya kompyuta.

Na sisi watazamaji tumekuwa kama Kasparov wa gemu ya pili. Tunaangalia ile mistari ya alama za injini pembeni ya ubao, ikishuka tunapiga kelele blanda, blanda, yaani kosa kubwa, wala hatujaangalia ubao. Mashine imesema imekwisha basi imekwisha. Mimi siku hizi nikiangalia mechi kubwa naifunga ile alama kabisa, nakaa na ubao mtupu nijaribu kuona mwenyewe kwanza nani anateseka na kwanini, halafu mwisho wa gemu ndo nawasha injini. Raha ya chesi inarudi yote.

Kinachonipa matumaini kwa mechi zenyewe ni gemu za upendeleo, zile ambazo mashine inaanza ikiwa na upungufu. Hizi wengi hawazijui. Januari 2016 Hikaru Nakamura alicheza na Komodo gemu nne za namna hiyo, mbili mashine imeanza bila askari mmoja, nyingine imeanza bila ngome dhidi ya kete ndogo (farasi au askofu) ya mpinzani, ya mwisho Nakamura amepewa muvu nne za mwanzo bure. Tatu za mwanzo zikawa sare, ya nne Komodo ikashinda. Na sasa programu ya Leela, ambayo imetengenezwa kwa mawazo ya AlphaZero, inacheza mtandaoni bila farasi dhidi ya magrandmasta. Anza bila farasi mbele ya grandmasta uone, kwa binadamu hiyo ni gemu iliyokwisha kabla ya kuanza. Leela kwenye gemu za haraka inawasumbua, kwa sababu imefunzwa kutobadilishana kete hovyo, kuweka pozisheni ngumu, kumwachia mtu nafasi nyingi za kukosea.

Hapo ndo mtu anahitaji tena kumjua mpinzani wake. Ana farasi wa ziada, anajua anatakiwa kubadilishana kete na kurahisisha, na upande wa pili kuna kitu kinachojua kwamba ndicho anachotaka. Ningependa sana kuona wadhamini wakirudisha fedha huku, grandmasta wa daraja la juu apewe programu mapema ajiandae kama Kramnik alivyopewa kabla ya Bonn, wacheze gemu sita za muda mrefu, saa mbili kila upande, mashine bila farasi. Sijui nani angeshinda, na mara ya mwisho kusema hivyo kuhusu mtu na kompyuta kwenye chesi ilikuwa zamani sana.